Sherehe ya mwisho wa mwaka kazini Kigoma: anzeni na saa ya chakula

Kamati nyingi huanza na ukumbi, halafu muziki, halafu sare. Chakula hukabidhiwa mpishi kwa maneno mawili, "watu sitini", na mengine anaachiwa yeye. Matokeo yake yanajulikana: mgeni rasmi amemaliza hotuba, soda zimekwisha, pilau bado iko jikoni, na mama wenye watoto wadogo wanaangalia saa. Asilimia kubwa ya manung'uniko ya Januari ofisini huzaliwa hapo. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga kinyumenyume. Chagueni kwanza dakika ambayo sahani ya kwanza itabebwa, kisha hesabuni kurudi nyuma.

Siku yenyewe

Desemba ya Kigoma ina vizuizi vinne: mvua, ibada, safari na mwezi.

Mvua haikwepeki, tutaifikia. Ibada inataka kamati imjue kila mtu. Wasabato hawapatikani tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Waislamu wana Ijumaa adhuhuri. Wakristo wengine wana Jumapili asubuhi. Jumamosi mchana, siku ambayo ofisi nyingi huipenda, inawaacha Wasabato nje moja kwa moja, na katika mkoa huu si wawili watatu. Safari nazo: kuanzia kama tarehe 18 mabasi na treni hujaa, na watumishi wenye asili ya mikoa mingine wameshaomba likizo. Sherehe ya tarehe 23 itakuwa ya waliokosa nauli.

Kuhusu mwezi, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza hupatikana kwa wingi. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti tena, mitumbwi inakaa, na bei mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inapanda. Ukipanga menyu yenye dagaa wabichi, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kutangaza tarehe. Mwaka 2026, kwa mfano, mwezi mpevu unaangukia tarehe 24 Desemba na giza linaangukia tarehe 9. Na tarehe 9 ni Jumatano, sikukuu ya Uhuru. Jumanne tarehe 8 alasiri inakuwa siku nzuri kuliko zote: dagaa wapo, kesho yake watu wanalala, hakuna Sabato wala Ijumaa, na wasafiri hawajaondoka. Mifano ya hesabu hapa chini inafuata siku hiyo.

Orodha ya majina, si idadi

"Tuko kama hamsini" si hesabu. Andikeni majina. Kabla ya hapo amueni jambo moja na mlitangaze kwa maandishi: wenza na watoto wanakuja au hawaji? Hapa ndipo bajeti huvunjika. Ofisi isiposema lolote, nusu ya watu watakuja peke yao kwa adabu na nusu nyingine watakuja na familia, na wote wawili wataona wamekosewa.

Majina ya wafanyakazi yakiwa 52, sahani hazitakuwa 52. Ongeza mshereheshaji, fundi wa muziki, mpiga picha, wapishi 3 na walinzi 2 wa kukodi. Hao ni 8, jumla 60. Na hapo kwenye walinzi kuna jambo: mlinzi wa ofisi yenu, dereva na mama wa usafi wamo ndani ya wale 52. Siku hiyo hawalindi, hawaendeshi, hawaoshi vyombo. Kama hakuna fedha ya kukodi mlinzi wa zamu moja, punguzeni maputo.

Fedha

Dokezo la kuomba fedha liende kwa mwajiri wiki 6 kabla, likiwa na mchanganuo wa kila kitu na akiba ya asilimia 10. Akiba isigawanywe mapema kwenye mapambo. Kazi yake ni turubai la ziada mvua ikikaza na petroli ya jenereta. Kama kuna michango ya wafanyakazi, iwe ya kiwango kinachowezwa na anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote, na anayekusanya awe mmoja, mwenye daftari.

Mambo mawili huwatesa wahasibu baada ya sherehe. La kwanza ni risiti. Fedha ikitoka kama masurufu, itarejeshwa kwa risiti, na mchuuzi wa samaki mwaloni hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mwulizeni mhasibu mapema anakubali nini kwa manunuzi ya namna hiyo. Mara nyingi njia rahisi ni kumpa kazi yote ya chakula mpishi aliyesajiliwa, naye atoe risiti moja. La pili ni malipo ya mkupuo. Lipeni nusu siku ya makubaliano, asilimia 30 asubuhi ya sherehe mkishaona vitu vimefika, na asilimia 20 vyombo vikiisha kuoshwa. Anayedai fedha yote mbele hana sababu ya kuwahi.

Makubaliano yaandikwe kwa kilo na lita. "Chakula cha watu 60" inaweza kuwa kilo 5 za mchele au 10.

Chakula cha watu 60

Hivi ni vipimo vya sherehe yenye pilau, nyama ya mbuzi, samaki, na ugali wa muhogo pembeni:

- Mchele kilo 8. Hiyo ni kama gramu 130 kwa mtu, inatosha kwa sababu kuna vyakula vingine. Ikiwa pilau ni peke yake, fikisheni kilo 10.
- Nyama ya pilau kilo 5, vitunguu kilo 2, viazi kilo 3, mafuta lita 1 na nusu, bizari nyembamba gramu 150, na vitunguu saumu robo kilo.
- Mbuzi 2 wenye uzito wa kilo 25 kila mmoja wakiwa hai. Mbuzi hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo mtapata kama kilo 24. Kilo 15 zichomwe, zinazobaki na utumbo viwe supu. Wakiwa wadogo wa kilo 18, nunueni 3.
- Migebuka 45 wa wastani. Si kila mtu atachukua.
- Dagaa wabichi ndoo ndogo ya lita 10, wa kukaanga kwa ajili ya vitafunio vya mwanzo.
- Unga wa muhogo kilo 6, sombe (kisamvu) na maharage ya mawese.
- Soda kreti 8, yaani chupa 192, kama 3 kwa mtu. Maji madogo katoni 10 za chupa 12.
- Mkaa gunia 1, kuni mzigo mmoja mkubwa.

Mbuzi wachinjwe na Mwislamu, na jambo hilo litangazwe ili watu wale kwa amani. Nguruwe asiwepo hata kwenye sahani ya pembeni. Jiko moja na kisu kimoja vinatosha kuwaharibia wengine siku. Samaki wasio na magamba, kama kambale na singa, Wasabato hawali, ila migebuka na dagaa ni salama kwa wote. Anayekula mboga tu hatosheki na kachumbari: maharage na sombe vipikwe bila nyama wala dagaa ndani.

Pilau ya kilo 8 isipikwe kwenye sufuria moja. Chini itaungua, juu itakuwa na kiini. Pika kilo 4 kwenye kila sufuria ya lita 20 hivi, supu na maji kwa pamoja yawe kama lita 7 kwa kila sufuria, na palia mkaa juu ya mfuniko maji yakishakauka. Mchele mpya unakunywa maji kidogo kuliko wa zamani, kwa hiyo pikeni kilo moja ya majaribio kutoka gunia lile lile siku moja kabla.

Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, ikatwe nusu saa kabla ya chakula, si asubuhi. Mji huu unakijua kipindupindu. Ndoo mbili zenye bomba na sabuni ziwe mwanzo wa foleni, palipo na macho ya watu. Ukiziweka kule chooni, hakuna atakayeziendea. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kabla ya kuliwa kama hakina moto chini yake.

Kuhusu sare: kama mmechagua nguo nyeupe, hamishieni mawese kwenye menyu ya mwaka mwingine. Na vitenge vikinunuliwa vimfikie fundi cherehani wiki 4 kabla, maana Desemba kila fundi ana foleni ya Krismasi.

Barafu

Chupa 300 zinahitaji kilo 40 za barafu hivi, na jokofu la ofisi halitoi hata kilo 10. Wengi hukimbilia barafu ya mwaloni, ile ya kuhifadhia samaki. Inapoza, lakini chupa hutoka na shombo, na mgeni anaipeleka mdomoni moja kwa moja. Haifai kabisa kutiwa ndani ya bilauri. Gawaneni: watu 8 wagandishe kilo 5 kila mmoja nyumbani, kwenye ndoo ndogo, kuanzia siku 3 kabla. Siku yenyewe chupa ziingie kwenye mapipa yenye barafu na maji pamoja. Barafu isiyo na maji inagusa chupa sehemu chache tu. Maji yaliyopoa yanaizunguka chupa nzima, na soda inapoa ndani ya nusu saa badala ya saa 2.

Bia ni uamuzi wa ofisi. Zikiwepo, toeni kuponi 2 kwa mtu, meza ya bia iwe mbali na meza ya chakula, na msiweke bia kwenye meza ambayo hakuna aliyeiomba.

Mahali na hali ya hewa

Uwanja wa ofisi unatosha kuliko watu wanavyodhani, na choo unakijua. Ukumbi unakukinga na mvua ila unakufunga kwa saa za mwenye ukumbi. Fukwe za upande wa Katonga na Bangwe ni nzuri kwa macho, lakini zina gharama tatu zisizoandikwa: barabara ya vilima inayoteleza ikinyesha, radi, na ziwa lenyewe. Tanganyika ina kina cha juu cha kama mita 1,470 na penye mawe mwambao hushuka ghafla. Hatua mbili kutoka kiunoni unaweza kukosa chini. Mkienda ufukweni, kuogelea kuishe kabla ya kinywaji cha kwanza kufunguliwa, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu.

Turubai la mita 6 kwa 12 linakalisha watu 55 hadi 60 penye meza. Kodini na la pili dogo kwa ajili ya jiko. Hilo la jiko ndilo kamati hukata bajeti ikibana, na ndilo chanzo cha chakula kuchelewa: mvua ya nusu saa ikilowesha mkaa na kuni, saa nzima ya moto imepotea. Mkaa ufunikwe tangu unapofika, hata kama mbingu ni nyeupe.

Kigoma iko kwenye mteremko, na maji ya mvua hayaombi njia. Upande wa juu wa turubai chimbeni mfereji wa kina cha kiganja unaozunguka na kutokea pembeni. Nyaya za umeme zipite juu, zifungwe kwenye nguzo, na soketi ya kuunganishia iwe juu ya kiti au kreti, kamwe si chini. Radi ikianza kukaribia, muziki uzimwe na watu watoke chini ya miembe waingie ndani ya jengo.

Halafu jua. Nchi nzima inatumia saa moja, lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo Desemba jua la Kigoma huzama kama saa 1 na dakika 5 jioni, wakati Dar es Salaam giza limeshaingia. Saa 11 bado linapiga kutoka upande wa Kongo, na maji ya ziwa yanalirudisha machoni. Upande wa magharibi wa turubai ufungwe pazia, na meza ya chakula isiwe upande huo. Faida yake ni kwamba mna mwanga wa kulia bila taa. Tumieni. Kumbikumbi wa msimu wa mvua hufuata taa, na taa ikiwa juu ya sufuria, utawaokota mmoja mmoja kwenye mchuzi.

Jenereta ya kVA 5 inatosha spika 2 na taa. Inakula lita 2 kwa saa ikibanwa. Wekeni lita 12. Ikae mita 10 au zaidi kutoka kwa watu, moshi uelekee kwingine, na iwashwe kwa saa nzima siku moja kabla, ikiwa na spika zake. Kuiwasha dakika 2 bila mzigo hakujaribu chochote. Spika zisielekezwe kwa majirani, na ofisi ya mtendaji wa kata ipewe taarifa ya muziki wiki 2 kabla, kwa barua.

Ratiba inayohesabiwa kinyume

Chakula saa 11:30 jioni. Kutoka hapo:

Saa 12 alfajiri wawili waende mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaporudi. Samaki watumbuliwe na kutiwa chumvi na ndimu papo hapo. Saa 1 mbuzi wachinjwe. Saa 3 mpishi awe kwenye eneo na kila kitu kihesabiwe kwa karatasi ya makubaliano. Kisichofika saa 3 bado kinanunulika, saa 8 hakinunuliki. Saa 5 supu ipande motoni. Saa 8:30 vitunguu vya pilau vianze. Saa 9 mkaa wa nyama na samaki uwashwe, nyama yenyewe ipande saa 9:30.

Wageni waanze kufika saa 9:30. Saa 10 wapate supu, dagaa wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, na soda ya kwanza. Hapo ndipo ujanja wa ratiba nzima ulipo: mtu mwenye supu tumboni husikiliza hotuba, na akichelewa mpishi robo saa hakuna anayejua. Wanaoswali alasiri wana nafasi kati ya saa 10:30 na 11. Saa 11 hotuba, moja, ya dakika 10. Kama mgeni rasmi na mkurugenzi wote lazima waseme, dakika 7 kila mmoja, na mshereheshaji apewe ruhusa ya kupiga kengele. Ruhusa hiyo aombewe kwa mkurugenzi mwenyewe wiki moja kabla.

Meza ya chakula ikae katikati, watu wapite pande zote mbili. Mtu mmoja huchukua kama nusu dakika. Foleni moja ya watu 60 ni nusu saa, mbili ni robo saa. Nyama na samaki vigawiwe kwa mkono na mtu imara asiyeona haya kusema "utarudi baadaye". Vikiachwa wazi, ishirini wa kwanza watamaliza vya sitini. Meza kuu ifutwe, ninyi wenyewe mtaona tofauti: mkurugenzi akikaa na madereva anasikia habari ambazo mikutano ya mwaka mzima haikumpa. Ila wazee na wajawazito wapelekewe sahani walipo.

Kitu kimoja cha kukumbukwa

Baada ya kula, saa 12:30, wekeni jambo moja tu. Si matano. Keki, mashindano ya mitindo, bahati nasibu, kuvuta kamba na vyeti katika saa moja hufutana.

Lililo rahisi na linalodumu ni majina. Wiki 3 kabla, kila mkuu wa kitengo aandike sentensi moja kwa kila mtu wake, kuhusu kazi mahususi aliyoifanya mwaka huo: aliyepanga upya stoo mpaka vifaa vikaonekana, aliyebaki na mteja mwenye hasira mpaka akacheka. "Mchapakazi na mtiifu" irudishwe ikaandikwe upya. Mshereheshaji asome, mtu asimame, wapigiwe makofi. Sekunde 20 kwa mtu, watu 52, ni kama dakika 17. Orodha ipangwe kwa alfabeti, isifuate vyeo, na mtu wa nje ya kamati aikague isije ikawa na jina lililosahaulika; jina moja likikosekana, mengine 51 hayana maana. Mfanyakazi bora wa mwaka atangazwe siku nyingine. Kumtangaza hapo ni kuwaambia wengine 51 kwamba sentensi zao zilikuwa za kujazia.

Mkipenda zawadi, doti ya kanga au kitenge kwa kila mmoja inapokewa vizuri kuliko vikombe vyenye nembo. Zawadi za siri za kubadilishana ziwekewe kiwango cha chini na cha juu, na wekeni zawadi 3 za akiba kwa atakayeletewa mkono mtupu.

Saa 1 na dakika 5 jua linazama, muziki unyamaze kwa ajili ya Magharibi, na wasioswali wapate mandhari. Dakika 20 zinatosha. Kikundi cha ngoma cha Kiha kikianza hapo, hata wazee wa uhasibu watainuka. Muziki wa spika ufuate, hadi saa 3:30.

Kurudi nyumbani

Kosta mbili zilizolipiwa, moja ya Mwanga, Katubuka na Ujiji, nyingine ya Gungu na Mwandiga, ziondoke saa 2:30 na tena saa 3:45. Safari ya saa 2:30 ni muhimu kuliko mnavyofikiri; bila hiyo, wenye watoto hawatakuja kabisa. Aliyekunywa asikabidhiwe pikipiki yake. Funguo zikusanywe mlangoni kwa bahasha zenye majina.

Chakula kilichobaki moto kigawiwe kabla ya saa 2, kwanza kwa wapishi na walinzi wa kukodi, kwenye vyombo vilivyoandaliwa. Pilau iliyolala nje usiku kucha itupwe.

Tarehe 9 asubuhi watu wawili warudi. Kreti zihesabiwe, 8, kila moja chupa 24, kabla ya gari la jumla kufika, kwani chupa tupu zina dhamana na zile 5 au 6 zinazokosekana mara zote ziko nyuma ya turubai la jiko, upande wa mfereji.